Sungura Niliyeshindwa Kummaliza

Mpendwa Shangazi Mavis wa redio, naomba unisaidie maana usingizi umenikimbia. Naishi peke yangu huku vilimani Missouri tangu nilipoachana na Royce, yule mume aliyenivunja taya akafungwa, na sasa ametoka, basi kaka yangu Vernon, yule fundi magari, akaninunulia bastola ya kutembea nayo kiunoni, akasema karatasi ya kulengea shabaha haikimbii, ukitaka mkono uzoee kawinde sungura kwa bastola hiyo hiyo, nami kila jioni nakaa kwenye kisiki kile kile, kinachotazama mlango wangu wa jikoni, nikiwasubiri watoke. Jumamosi tulikwenda pamoja na Vernon, nikampiga mmoja, lakini vibaya, akawa analia kama mtoto mchanga, Shangazi, mkono ukatetemeka nikashindwa kummaliza, Vernon akammaliza yeye, akaniambia, "Dada, kama sungura anakushinda, Royce utamweza?" Maneno hayo yamenikaa rohoni. Juzi nilirudi kisikini kujaribu tena, nikakuta maganda ya alizeti yametapakaa chini, nikasema hata kindi wananicheka, ingawa sijui wamezitoa wapi maana huku hakuna anayepanda, nikamkumbuka Royce na mbegu zake za alizeti za chumvi, mdomoni kutwa, maganda gari zima. Je, mimi ni mwoga? Niendelee na sungura au niirudishe bastola?

Opal

Opal mwanangu, kiumbe asiyekukosea analia mbele yako, mkono usitetemeke kwani una jiwe kifuani? Huo si uoga. Na Vernon nina neno naye, maana sungura hamnyang'anyi mtu bastola, kwa hiyo kumlenga yeye hakukuandai kwa Royce.

Sasa isome tena barua yako. Umejiuliza kindi wamezitoa wapi alizeti, kisha ukamkumbuka Royce na mbegu zake, ukaishia hapo. Kindi gani, binti? Kuna mtu anakaa kwenye kisiki chako akitazama mlango wako, na saa zako anazijua. Unaniuliza habari za sungura wakati anayewindwa ni wewe.

Usirudi kule kisikini. Usilale humo ndani leo. Beba nguo zako, nenda kwa watu, mwite sherifu, mkuu wa polisi wa huko, aje ayaone hayo maganda kabla mvua haijayachukua, na asubuhi uwe mbele ya hakimu kuomba amri ya kumzuia Royce asikukaribie.

Namba yako umeiandika chini ya barua. Nimekuwa nikiipiga tangu nilipoifungua barua, inaita tu, haipokelewi. Sherifu nimeshamwambia, yuko njiani, lakini anatoka mbali. Ndiyo maana nimeisoma barua yako hewani kabla ya nyingine zote. Vernon, redio ya gereji yako najua huwa haizimwi. Acha hilo gari la watu, mwanangu, nenda kwa dada yako sasa hivi.