Tadeo Kalinga, Tumekutafuta Kwenye Picha za Ndege

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Faustina, tangu ututoke pale Ilula, na bado tuna hasira na wewe. Gazeti limetuomba picha yako. Tumefungua kompyuta yako tukakuta picha elfu kumi na moja, zote za ndege.

Mjukuu wako aliyezaliwa baada ya mazishi tumempa jina lako, Tadeo. Kesho atauliza babu alifananaje. Tumwonyeshe korongo?

Ulikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi. Wasafiri walionunua nyanya kwako uliwaongezea kabla hawajaomba. Lakini jua la mchana likiwaka, wenzako wakitafuta kivuli, wewe ulivaa kofia ukaingia shambani na kamera, ukatukataza hata kukohoa. Ng'ombe wa jirani walikula kabichi zetu mbele ya macho yako, ukasema ungeinuka ndege angeruka.

Na kipaimara cha mwanao Gideoni je? Ulitupanga nje ya kanisa Iringa mjini, tumependeza. Yangeyange akatua kwenye majani. Ukapunguza mwanga wa kamera ili weupe wake usiungue, ukasahau kuurudisha. Picha zilipotoka, nyuso zetu zote nyeusi tii, hata paroko hatambuliki. Ukasema, "Lakini yangeyange ametoka vizuri."

Picha za wengine nazo hazisaidii, maana kila uliposimama kamera imekuziba uso. Kitambulisho chako kimefutika kwa jasho la mfuko wa shati.

Juzi tulipokuwa tunakulaumu, Mama akatunyamazisha. Wiki moja kabla hujaugua, saa saba mchana, ulimpa kamera pale kwenye matuta ya nyanya ukamwambia, "Leo nipige mimi."

Akakujibu, "Ngoja jua lipungue, utatoka umekunja uso."

Jua lilipopungua ulikuwa umeshashuka bondeni kwa ndege wako. Mama amekaa na jambo hilo mwaka mzima. Anasema angekupiga pale pale, umekunja uso hivyo hivyo.

Unakumbukwa na mkeo Benedicta, wanao Gideoni na Faustina wa Mwanjelwa, mkweo Gwakisa, na Tadeo mdogo, ambaye tutamsimulia.

Hapo juu, mahali pa picha, tumepaacha wazi. Uso wako, Baba, sisi hatutausahau kamwe.