Mawingu Yasiyotembea

Jumatano, 6 Novemba

Nimeosha vikombe vya nyumba nzima kama kule kazini. Safu ya ishirini, geuza, futa, panga kwa rangi. Vilikuwa safi tayari. Mama alisimama mlango wa uani akiniangalia mpaka nikaona haya, nikajifanya natafuta sahani.

Siku ya nne hapa Masuguru, Korogwe. Mwili bado haujui saa. Kule kwenye kasino hakuna saa ukutani hata moja, ili wachezaji wasikumbuke kwao. Na dari imechorwa anga: bluu, mawingu meupe, jua la alasiri lisilozama. Miaka sita nimeishi chini ya alasiri ile moja. Leo nimejilaza kwenye mkeka uani, nikatazama juu, nikajikuta natafuta matundu ya mabomba ya zimamoto katikati ya mawingu. Kisha mawingu yakasogea. Nikashtuka kwelikweli.

Ndege yetu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Yetu, maana safari hii mdogo wangu Salma naondoka naye, ametafutiwa kazi kule.

Ijumaa, 8 Novemba

Picha iko sebuleni, ndani ya fremu. Mimi nimeketi kwenye meza ya kamari, shali ya hariri begani, taa nyuma yangu zinameremeta. Ilipigwa wiki yangu ya kwanza. Meza ilikuwa imefungwa kwa usafi. Shali aliisahau mgeni. Aproni niliisukumia chini ya kiti, mwenzangu akapiga haraka kabla msimamizi hajarudi. Kwenye kona unaonekana mshikio wa ndoo. Shangazi wa Kerenge aliwahi kusema ni mkoba wa bei mbaya.

Sikudanganya kwa mdomo. Niliwatumia picha, wakajaza wenyewe. Wakasema mimi ni mkubwa fulani kule. Sikukanusha.

Kazi yangu ni kuosha visarafu vya plastiki, vile wachezaji wanavyoviweka mezani badala ya pesa. Saa kumi na mbili kila siku, chumba cha chini, maji ya dawa; ukumbini napanda kuvichukua na kuvirudisha tu.

Salma ana cheti cha ualimu. Anajitolea shule ya msingi Kerenge huku akisubiri ajira. Jumanne atampa mwalimu mkuu barua ya kuacha. Ameshaiandika, mwandiko mzuri, hakuna hata neno lililofutwa. Amenisomea kwa sauti akiwa na furaha. Nikamwambia ni nzuri.

Mwoga. Hilo ndilo jina langu.

Jumapili, 10 Novemba

Handeni, arobaini ya Bibi. Kumzika sikuja. Msimamizi alisema ruhusa ya msiba haitolewi kwa bibi.

Vumbi jekundu, joto, watu wengi. Kila anayenisalimia anatazama kwanza miwani yangu ya jua. Nilikuwa natembea kama niko ndani ya maji. Sauti zinafika zimechelewa.

Baada ya kisomo na chakula, Bi Kabula akaanza. Ni Mnyamwezi, wazazi wake waliletwa kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, na yeye kazaliwa kambini huko. Ni mtani wetu sisi Wazigua. Msibani mtani anachukua anachotaka, anasema anachotaka, nawe ruhusa ya kununa huna. Kitu chako unakikomboa kwa chochote atakachodai.

Akanivua miwani, akavaa. Akajitanda mtandio wangu. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akawagawia wanawake kokoto. "Bi tajiri nimefika. Wekeni mezani, nile." Watu hoi kwa kicheko. Hata mama alicheka, kanga mdomoni.

Kisha akanishika mkono aunyanyue juu, kama washindi wanavyofanywa. Akausitisha njiani. Akaugeuza. Akaona kucha zilizoliwa na dawa, na ngozi iliyochubuka.

"Wazigua mmeingizwa mjini," akasema. "Huyu ni dobi."

Kicheko kikapanda. Nami, sijui nguvu nilipata wapi, nikasema, "Ni kweli, bibi. Naosha."

Wakacheka zaidi. Mmoja alijiangusha kwenye jamvi. Nimesema kweli mbele ya ukoo mzima na hakuna aliyeisikia. Wakaona nimejibu utani kwa utani, tena wakanisifu kwamba ughaibuni hakujanibadilisha.

Bi Kabula hakucheka. Alinirudishia miwani na mtandio, hakudai kitu. Salma naye hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Ndani ya basi la kurudi Korogwe Salma aliketi kiti cha mbele yangu. Mkonge ukapita dirishani, safu kwa safu, mpaka nikasinzia na kuota nauosha mmoja mmoja.

Tulipofika nyumbani, mama akaenda sokoni. Salma akaitoa picha ukutani, akaniwekea mapajani. Kidole chake kikakaa juu ya mshikio wa ndoo.

Nikasema yote. Chumba cha watu wanane, vitanda vinne, unalala kwenye joto la aliyeamka. Pasi ya kusafiria inakaa kwenye droo ya msimamizi, nimepewa kwa likizo hii tu. Visarafu vinakuja vikiwa na pombe, mafuta ya nywele, mara nyingine machozi, maana watu wanalia vikiwa mkononi. Juu yetu muziki. Na kwamba kazi aliyotafutiwa yeye ni hiyohiyo, ndoo ya pili, pembeni ya yangu.

Nilitegemea atalia. Alikasirika.

"Dada, miaka sita umeosha peke yako, sisi huku tunakuombea uzidishiwe."

Akatoka. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumanne, 12 Novemba

Ameondoka asubuhi kwenda shule. Barua ile niliiona mkobani, bahasha nyeupe. Karudi saa kumi. Kala. Kama ameitoa, sijui.

Jumatano, 13 Novemba

Nyumba imenishinda. Nimepanda gari mpaka Dindira, bila sababu. Ukungu umefunika mashamba yote ya chai. Wachumaji siwaoni, nasikia tu Kishambaa kikisogea ndani ya weupe, na kikohozi, na mtu akicheka. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilitaka ukungu unichukue na mimi, niwe sauti tu, nisiwe na mikono.

Mama mmoja akatokeza karibu yangu, kapu mgongoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza kama nimepotea njia. Nikasema hapana. Akaniangalia, akanionyesha barabara hata hivyo.

Ijumaa, 15 Novemba

Begi la Salma liko mlangoni, limefungwa. Naogopa kuuliza. Kama atakwenda, nitakuwa nimempeleka mimi. Nimesema kweli, lakini nimeisema nikiwa nimechelewa miaka sita.

Jumamosi, 16 Novemba

Asubuhi nimekuta begi limefunguliwa na nguo zake zimerudi kwenye kamba. Salma alikuwa mezani na karatasi. Nikaitambua. Ni ile barua. Nyuma yake ameandika maandalio ya somo la Jumatatu, darasa la tatu, mwandiko uleule mzuri. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Na wewe hurudi." Haikuwa swali.

Sikurudi.

Mama akaja na picha, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaitundika palepale. Nikamwambia mama, itoe hiyo, ni uongo. Nikaanza kumweleza kuhusu ndoo.

Akasema, "Mwanangu, nimeosha vyombo kwa wale Wahindi wa dukani tangu hamjazaliwa. Mshikio wa ndoo nisiujue?"

Nikamuuliza kwa nini basi ameitundika miaka yote hii.

"Umependeza," akasema. "Na nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Salma nisingemwachia aondoke."

Akaenda zake jikoni.

Saa ya ndege imepita tukiwa uani. Vikombe vilikuwa vichafu kweli leo. Salma anaosha, mimi nafuta. Hakuna aliyevipanga kwa rangi. Wingu moja lilitokea upande wa milimani, likatutia kivuli kidogo, likapita.