Kisukusuku Yangu Inakunjika

Baba Ngoy,

Sikia, na usinikatize kama kawaida yako. Mukono yangu ya kuume inafika ku kinywa! Leo asubui nilimega tonge ya bukari nayo. Yako ilishindwa maisha yote, tangu ulipoanguka ku kazi ya treni ungali kijana, na mama yako akakupeleka kwenu Kilwa kwa muntu wa kufunga mifupa. Akakuwekea miti, mukono ikabaki imenyooka kama fimbo, basi. Ulikula na kushoto mupaka kifo.

Ulipotuacha, hata machozi haijakauka, nikateleza ku robine, bomba ya mayi ya hapa mutaa yetu Bel-Air, na ndoo. Kraa! Kisukusuku, pale mukono inakunjikia. Dada yako Marthe akakuya mbio na mayi ya moto, majani na matete: "Lete, tukande, tufunge." Nikamwambia: Toka! Ndugu yako nilimukatia nyama miaka yote. Miye, nani atanikatia?

Ku hospitali, picha ya radio, ile ya kuona ndani ya mwili, ilionesha mufupa bipande-bipande, sawa sahani imeanguka. Munganga, mwanamuke kijana, mwembamba, akasema atapasua, aunge bile bipande na plake ya chuma na bavise, misumari ya kuzungusha. Nikamuuliza: "Miye niko motoka?" Akacheka. Kisha akanikazia macho: "Mama, nikimaliza, njo kazi yako inaanza. Kama haukunji, itakauka."

Baba Ngoy, akapasua, akaunga. Lakini kukunja ile! Nilitukana bote. Hata weye nilikutukana, kwa kufa na kuniacha peke... Si mukono tu njo ilikuwa inauma.

Miezi ikapita. Dada yako akatangazia ukoo: mukono ya chuma haiwezi kusonga bukari, sufuria ya kumaliza kilio, siku ya kufunga matanga yako, bapatie muke wa mudogo wako. Sufuria yako! Kwenu mujane njo anasonga, bote banaona. Na miye nikae kuangalia?

Jumamosi, siku yenyewe ya kilio, nikashika mwiko. Sufuria kubwa, unga umekaza, moshi ku macho. Marthe alisimama karibu, mikono tayari, anangoja nishindwe. Nikageuza. Nikageuza tena. Kisukusuku inalia ndani, lakini inakunja, inanyooka! Bamama bakapiga bigelegele. Sahani ya kwanza nilimupa Marthe. Alikula yote. Akaomba ingine.

Basi, lala mume wangu. Kilio yako nimeimaliza miye mwenyewe. Nakuahidi: hakuna muntu wa nyumba yako atafungwa tena miti bila picha ya radio. Hata Marthe, akikataa, nitamubeba ku mugongo. Na huko ku kaburi usinipangie nafasi mbio-mbio. Ningali na mikono mbili.

Muke wako,
Mama Ngoy