Kisu Kisicho na Ncha

Jumatatu, 5 Juni

Bamvua. Maji yamekwenda mbali, mashimo ya kaa yote wazi. Nimewachomoa kwa kile chuma cha ndoano mpaka bega la kushoto linawaka. Latifa mgongoni, amelala fofofo, mate yananiteremka shingoni. Magando nimeyafunga kwa ukindu, kaa nimewatia kwenye gunia, gunia nimelizamisha kijitoni na kulifunga kwenye mzizi wa ule mkoko uliopinda. Mnunuzi anakuja Jumatano. Kaa akikaa majini hafi.

Kisu cha jikoni ninachokichomeka kiunoni kimetoboa kanga. Kimetokeza nyuma, karibu na paja la mtoto. Sikukiona mpaka nilipomshusha. Nimempapasa paja lote, hana jeraha.

Lazima nipate kisu cha kukunja.

Jumanne, 6 Juni

Gunia halipo.

Kamba imekatwa. Kipande kimebaki kwenye mzizi kinacheza na maji. Nimesimama pale mpaka tope likanifika magotini. Latifa ananivuta nywele, anadhani tunacheza.

Namjua. Sina ushahidi lakini namjua. Shemeji Mfaume, mdogo wake mume wangu. Tangu mume wangu aende dago, kambini huko kwa wavuvi wa Mafia, Mfaume wimbo wake mmoja: mwanamke mwenye mtoto akae nyumbani, kijito amwachie yeye. Kijito nilionyeshwa na mume wangu kwa mkono wake. Kila shimo nalijua. Nikiibiwa mara moja nikanyamaza, ataiba tena. Nikichoka nikiacha kwenda, kijito kimekwenda. Ndicho anachotaka.

Jumatano, 7 Juni

Nimempata.

Deo, mnunuzi wetu, mtu wa bara asiyevua kofia hata kwenye jua la kuchemsha ubongo, alikuwa anapanga kaa kwenye kreti. Nikapita karibu. Nikaona mafundo yangu. Mimi natumia mkono wa kushoto. Ukindu naupitisha chini ya tumbo na fundo nalipindulia kushoto, mama yangu alinifundisha hivyo kwao Mbwara. Hapa Kiongoroni wote wanafunga kulia, fundo juu ya mgongo. Kila mtu na mkono wake. Mfaume kaiba kaa, hata kuwafunga upya hakuwafunga. Uvivu wake ndio uliomwanika.

"Kaka Deo, hawa wa nani?"

"Wa shemeji yako, dada. Leo kaleta mzigo wa maana."

Na Mfaume mwenyewe kakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anakunywa soda. Kaniona ninavyotazama. "Mama Latifa, mbona macho yamekutoka? Njoo unywe soda, nakupa ya kwangu."

Soda ya kaa wangu.

Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. "Fundo tu hilo, mwanangu. Utasimama mbele ya watu useme fundo? Subiri mumeo arudi."

Mume wangu harudi leo wala kesho.

Ijumaa, 9 Juni

Namchukia Mfaume. Namchukia anavyokula, anavyofuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Namchukia anavyombeba Latifa na kumrusha juu, na mtoto anacheka. Mtoto hajui kitu.

Leo nikisonga ugali nimewaza: nimkatie nyavu zake. Nimkatie kamba ya mtumbwi, uende na maji. Nimkate yeye. Hilo la mwisho limenipita haraka lakini limepita. Siwezi kulikana.

Maji mafu yanaingia, hakuna kazi kijitoni. Jumatatu naenda Kibiti, mtoto ana kliniki. Nitanunua kisu huko huko. Chenye ncha. Ndefu.

Jumatatu, 12 Juni

Boti mpaka Nyamisati, halafu gari. Latifa katapika mara mbili, zote juu yangu.

Kliniki uzito mzuri, alhamdulillahi. Ila nesi kamvua nguo akasonya. Uzi wa shanga kiunoni umembana, chini yake pamekuwa pekundu. Alitaka kuukata pale pale, akaanza kutafuta mkasi. Nikamzuia. Uzi ule kaufunga bibi yake, mama mkwe, siku ya arobaini, kwa mkono wake, na kausomea. Nikirudi bila uzi atanila nyama. Kufungua haufunguki, fundo limeshika mafuta na jasho limekuwa jiwe. Nesi kaniambia, "Basi mama, ukaukate nyumbani, lakini usichelewe. Na uwe mwangalifu, usimchome mtoto."

Kisha visu. Idi inakaribia, sokoni visu vimejaa kama dagaa. Nimepita meza moja moja. Vya kuchinjia, vya mifupa. Vya kukunja alikuwa navyo mtu mmoja tu, bwana mwenye kipara na maneno mengi.

"Karibu shangazi! Unataka cha maganda ya machungwa au cha mume?"

"Cha kazi."

Kanipa chenye ncha kama mshale. Kizuri. Nimekishika, nimemwona Mfaume mbele yangu. Nikakifungua nikaukandamiza mgongo wake kwenye meza, kama mume wangu anavyojaribu visu. Kikajikunja chenyewe. Kidogo kinikate vidole. Halafu mkono wa Latifa ukatokea begani kwangu, unaifuata ile ncha inayong'aa. Nikakirudisha.

Cha pili kimepinda kama mdomo wa kasuku. Kinaning'inia, kinatikisika kwenye bawaba kama jino bovu.

Cha tatu nilidhani kimevunjika. Makali yamenyooka kama rula. Mgongo ndio ulioinama kule mbele, ukashuka mpaka ukakutana na makali. Ncha hamna. Pua butu kama kwato ya kondoo.

"Hiki kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu, shangazi, ndivyo kilivyozaliwa! Cha mabaharia hicho, cha kukatia kamba. Meli ikiyumba humchomi mwenzako. Lakini watu wa hapa wananiambia nawauzia kisu kibovu. Chukua, nakupunguzia, kimenichosha macho."

Nimekijaribu. Kikishafunguka kinakaza imara, nimekisukuma kwa nguvu zote hakikukunjika. Hakitikisiki. Kinafunguka kwa kidole gumba, hata gumba la kushoto. Kila kitu kizuri isipokuwa ncha niliyoijia.

Hela yangu ilitosha hicho tu. Nimekichukua kwa hasira. Njia nzima nimejilaani. Umekwenda Kibiti kutafuta kisasi, umerudi na kwato ya kondoo.

Jumatano, 14 Juni

Wenzangu wamecheka mpaka wamekaa chini. "Mama Latifa, kisu chako kimekula ncha yake kwa njaa?" Mwingine kasema nikipake asali ncha itaota.

Wacha wacheke. Kwenye kamba kinapita kama kwenye siagi. Nimekitundika shingoni kwa uzi, kimekunjwa, mtoto mgongoni hana habari nacho. Bwana wa kipara kaniambia nikitoka kwenye chumvi nikisuuze maji ya kisima na kukipaka mafuta ya nazi. Nafanya hivyo.

Nimepata kaa mmoja mdogo, wa mboga. Nikakata ukindu wake. Kisu cha jikoni huwa kinateleza kinamchoma kaa, anatoka maji anakufa. Hiki nimekilaza bapa juu ya gando, kimekata ukindu tu. Kaa hata hakushtuka. Naweza kukata nusu nikaacha. Naweza kuacha unyuzi mmoja.

Nimekaa nikakitazama kile kisu muda mrefu.

Mfaume kapita. "Shemeji, ukikinoa sana kitakwisha chote." Nikacheka naye. Nimecheka vizuri kabisa.

Jumapili, 18 Juni

Bamvua tena. Nimetafuta kaa wakubwa tu, madume, yale ya gando kama ngumi ya mtu. Nimeyafunga fundo langu, la kushoto. Kisha ukindu wa kila gando nimeukata mpaka umebaki unyuzi. Kaa kwenye gunia lililolowa hutulia tuli. Mpaka aguswe, hapo akikaza gando unyuzi unakatika.

Gunia nimelifunga kwenye mzizi ule ule.

Sikumtilia mtu sumu. Sikumwendea mtu mwilini. Gunia langu, kaa wangu, kijito changu. Asiyeiba haumii.

Usingizi mzuri, wa kwanza tangu siku zile.

Jumatatu, 19 Juni

Gunia lipo. Mfaume hakuja. Nimekasirika kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Halafu asubuhi nikiwa nachota maji, mama mkwe kanijia. "Mwanangu umechoka, macho yamekuingia ndani. Nipe mtoto ulale. Hilo gunia lako nitakwenda kulichukua mimi, nilitazame lisiibiwe tena."

Mikono yake ile, vidole vimepinda kwa kusuka mikeka. Nimemkatalia kwa sauti kubwa mno. Kanitazama. Kaenda zake, kavunjika moyo. Alitaka kunifanyia wema, ndiyo mara ya kwanza tangu gunia liibiwe, nami nimemfokea.

Nilitaka kwenda kulitoa. Nimefika mpaka pale. Nimeshika kamba.

Nikaikumbuka ile soda. Nikaiacha kamba.

Jumanne, 20 Juni

Limekwenda.

Sikumwambia mtu. Nimepika samaki, nimempelekea mama mkwe sahani. Nimemwomba radhi kwa kelele za jana. Kapokea.

Jumatano, 21 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Tulikuwa watu wengi mizanini kwa Deo. Mfaume kaja na gunia begani, kifua mbele. "Kaka Deo, leo nakuletea mababa!" Deo kasema onyesha. Mfaume, kwa kujionyesha, hakumimina. Kaingiza mkono mzima ndani amtoe mkubwa kuliko wote.

Ukelele ule. "Mamaaa! Mama yangu weee!"

Kautoa mkono na kaa wawili wananing'inia, mmoja kwenye gumba, mmoja kwenye nyama ya kiganja. Anarukaruka, anapiga mkono hewani, kaa hawaachi. Watu kwanza wameshtuka. Halafu mmoja akasema, "Mfaume, kaa wako mwenyewe hawakujui?" Pakawaka kicheko. Deo kofia imemtoka, mara ya kwanza naona kipara chake.

Nimempa jirani Latifa. Nimekwenda. Nimemshika kaa wa kwanza kwa nyuma, nikamtuliza majini kwenye ndoo mpaka akaachia. Wa pili hivyo hivyo. Damu nyingi. Sikufurahi kuiona damu. Nimefurahi kumwona yeye.

Kisha nikainua ukindu uliokuwa bado unaning'inia kwenye gando. Nikamwonyesha Deo na waliokuwepo. "Fundo hili la nani?"

Wanawake wote wanalijua, wananicheka kila siku nafunga kama kipofu. Mwanamke wa jirani ndiye aliyesema: "La Mama Latifa. La kushoto."

"Na la bamvua lililopita, Kaka Deo?"

Deo kainama kuokota kofia yake. "La namna hiyo hiyo, dada," kasema. "Sikujua."

Mfaume kashika mkono wake kwenye kifua, hanitazami. Nimemfunga jeraha kwa kipande cha kanga yangu, kwa nguvu, halafu wakampakia boti ya zahanati. Nimemwambia sikioni kabla hajapanda: "Kijito changu usikanyage tena, shemeji." Kasema, "Haya." Haya tu.

Gunia nimeliuza mimi.

Ijumaa, 23 Juni

Gumba la Mfaume limevunjika. Linapona lakini halitanyooka, hivyo wamesema zahanati.

Mama mkwe hanisemeshi. Jana tu kasimama mlangoni. "Umemtega mtoto wangu kama panya."

"Mama, nilikuambia ukasema fundo tu."

Kaondoka. Mume wangu kapiga simu, kafoka, kisha kaniuliza kama Latifa hajambo. Hajambo.

Nilidhani nitajuta. Nimejitafuta ndani, majuto hamna. Kuna uchovu. Na kuna ile sura ya mama mkwe siku ile aliponiomba akalichukue yeye gunia. Hiyo inanirudia. Kama ningelala ile asubuhi. Kama ningemkubalia.

Hilo tu ndilo linalonichoma. Mfaume hapana.

Alhamisi, 29 Juni

Idi. Mvua ndogo asubuhi, kisha jua.

Mbuzi kachunwa na wanaume wengine, Mfaume mkono umefungwa. Kakaa pembeni anafukuza nzi. Kisu chao kikawa butu, mmoja akasema Mama Latifa ana kisu kikali. Mfaume kasema haraka, "Kiacheni hicho." Watu wamecheka. Hata yeye kidogo.

Sikuwapa.

Baada ya kula mama mkwe kaja kwangu, Latifa mkononi. Kakaa kwenye mkeka. Kamlaza mtoto mapajani, kampandisha gauni. Uzi wa shanga umezama kwenye nyama. Nimekuwa nikimpaka mafuta kila siku, nikiogopa kuukata.

"Kata," kasema.

"Mama, uliufunga wewe."

"Mtoto amekua. Kata wewe. Kisu chako hakichomi."

Kamshika Latifa mikono. Nimekifungua kwa gumba, makali nimeyaelekeza juu, kile kimgongo kilichoinama nimekilaza kwenye ngozi yake. Kimepita chini ya uzi. Mtoto anacheka, anadhani namtekenya.

Uzi umekatika. Shanga zimemwagika mkekani. Tumeziokota sote wawili, mimi na mama mkwe.

Amenirudishia zote mkononi. Nitazitunga upya, kwa uzi mrefu zaidi.