Kabla Hajawa Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mimi mzima. Baba Ritha mzima, kasoro goti. Bibi Asnath, mama mkwe wangu, mzima, anakula na kulalamika. Ritha mwanangu mzima wa mwili, ila moyo umepaa. Mbuzi nao wazima. Salamu zimekwisha, sasa habari yenyewe: posa imekuja! Kaileta mzee Nicolaus, ndiye mshenga. Anayeposa ni Kasmiri, yule rubani anayepulizia dawa kweleakwelea wanaomaliza mpunga. Kijana ana adabu. Shida ndege yake. Likubwa, likuukuu! Mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yamefungwa kwa waya. Na ni ya kitambaa — nimeyagusa. Mwanangu atakuwa mjane kabla sare za harusi hazijafuliwa.

Jumanne, 4 Juni

Sijalala. Nimeamua, napanda mwenyewe nikaikague. Baba Ritha kacheka mpaka goti likapona. Eti wewe, unayeogopa ngazi ya darini! Ritha kasema nijibu posa kwanza, nipande baadaye. Thubutu! Sisi Washambaa mkwe hukai naye mkeka mmoja, sembuse kubanana bega kwa bega. Nikisema ndiyo leo, basi tena. Jibu lingoje.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepanda!

Kasmiri kaniamkia, kanifunga mkanda. Injini ikakohoa, ikatema moshi, harufu kama mashine ya kusaga. Mkia uko chini, pua iko juu, mbele huoni kitu. Nikamuuliza, baba, njia unaiona? Akasema hapana mama, nachungulia pembeni. Yesu na Maria! Salamu Maria sijaifikisha nusu, tuko hewani.

Haina haraka. Basi la Moshi tumelifukuza weee ndipo tukalipita. Waya zinavuma, upepo unaingia mpaka kwenye khanga. Mkonge wa Mazinde kule chini umesukwa mistari kama nywele za twende kilioni. Mkumbara yetu nzima ungeipepeta kwenye ungo.

Kisha akasema, shika mama. Usukani! Sikukataa. Ni kama kusonga ugali wa shughuli — mzito, unataka mabega, ukiuharakisha unakushinda. Unageuza, inafikiri kwanza, ndipo inakubali. Ukilegeza mikono inatulia yenyewe. Nikapiga kigelegele, Kasmiri nusura atoboe paa kwa kichwa.

Nyumbani nimesema nimeogopa sana. Lazima niikague tena.

Ijumaa, 7 Juni

Kasmiri anahamia Moshi kesho, kazi imekwisha. Ritha hali chakula. Kaniuliza, mama, unataka nini tena? Nikasema sijaona inavyokata kona. Bibi Asnath akadakia kutoka jikoni:

— Mwongo huyo! Tangu jana anasonga ugali huku anainamisha mabega, kushoto, kulia!

Tumecheka, ila si wote. Ritha ameinuka, kaniachia sahani.

Sasa hivi mzee Nicolaus yuko sebuleni na koti lake. Kasema asipopata neno leo, Kasmiri ataelewa amekataliwa. Mimi nimejifungia chumbani, naandika. Ndiyo yangu iko tayari mdomoni, namtaka kijana. Lakini kaniahidi kesho asubuhi, akiipasha moto injini, mzunguko mmoja — na nikishakuwa mama mkwe wake, sipandi.

Nimemwomba Ritha aseme naumwa kichwa. Kagoma. Yuko mlangoni, anagonga kwa ngumi, sauti ina machozi:

— Mama, jibu upesi! Mzee anavaa viatu!

Mzunguko mmoja tu —