Kikaratasi Ndani ya Andazi

Mama, shikamoo. Mkono wa kulia umeamkaje leo?

Huku Lipingo ziwa limechafuka tangu asubuhi, mitumbwi yote iko mchangani, nami nimejibanza kwa mama mmoja anayekaanga maandazi. Kila andazi analichana kidogo na kutia kikaratasi chenye maneno ya watu maarufu. Ameiga biskuti za Wachina alizoziona kwenye simu. Changu kilikuwa kimelowa mafuta, lakini nikakisoma: "Andika tena, ila usinililie juu ya daftari."

Nilishtuka, Mama! Mchuuzi wa dagaa aliyekaa karibu yangu akaniambia kwa uhakika kabisa, "Hayo ni ya askofu."

"Askofu wapi!" muuza maandazi akamjibu. "Ni ya mwalimu wangu wa darasa la pili, kule Maguu, kabla sijaolewa huku."

Nikamwambia mwalimu huyo ni mama yangu. Akayaacha mafuta yanachemka, akanishika mikono yote miwili. Nikamweleza habari za kiharusi, na kwamba tangu uone herufi zako zinapinda, kalamu hutaki hata kuiona. Hakusema pole. Alichagua andazi kubwa, akatia kikaratasi kitupu, akasema, "Mpelekee. Hiki ajaze mwenyewe."

Ninakuja nalo Jumamosi, pamoja na samaki wale wa mbasa wa kukausha unaowapenda. Na ukitaka kulia, Mama, lia tu. Mimi nitalisogeza daftari pembeni.

Mwanao akupendaye,
Skola