Simiti Katikati ya Vumbi

Jumamosi usiku

Na wazo lilikuwa langu, hakuna mwingine wa kulaumu. Uwanja wa vumbi tunaposhindanisha magari yetu ya rimoti hapa Chaka, nyuma ya nyumba ya mama, haukunitosha. Nikamwaga simiti kwenye kona moja, ati tujue dereva ni nani.

Leo tumejua. Wenzangu walipunguza mwendo wakapita. Mimi nilifika kwa fujo, tairi zangu za kushika matope zikateleza kama sabuni, gari likapinduka watu wakitazama.

Walipoondoka, mama alileta gunia la maharagwe akayaanika papo hapo kwenye simiti.

"Hii sasa ndiyo kitu ya maana umewahi kujenga," akasema.

Kesho nikitoka kanisani ni zamu yangu kuyageuza. Nitajaribu nisiteleze.